Wasia wa Mama Uliambiwa Nani?

Sura ya 31 ya Mithali tunaijua sote, au niseme tunaijua nusu yake. Husomwa katika Siku ya Wanawake, husomwa kwenye ibada ya ndoa, na husomwa tena tunapomzika mama aliyefanya kazi mpaka mgongo ukapinda. Msomaji huanzia mstari wa 10, palipo na mke mwema ambaye thamani yake inashinda vito, na kanisa zima hugeuza macho upande wa akina mama ili kuwapima. Nani kati yao anaamka kabla ya alfajiri? Nani taa yake haizimiki? Wanaume wameegemea mabenchi, wametulia. Somo la leo, wanadhani, haliwahusu.

Rudini nyuma mistari tisa. Mstari wa 1 unatuambia kwamba maneno haya ni ya mfalme Lemueli, nayo alifundishwa na mama yake. Aliyefundishwa ni mwana wa kiume. Mama anamwonya asizimalize nguvu zake kwa wanawake, asiwe mnywaji, maana kiongozi akilewa husahau haki ya mnyonge, tena afungue kinywa chake kwa ajili ya yule asiyeweza kujitetea. Ndipo linafuata shairi la mke mwema: mistari 22, kila mmoja ukianza na herufi yake kwa mpango wa alfabeti ya Kiebrania. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba shairi hilo lilisimama peke yake kabla ya kuunganishwa na maneno ya mama. Na iwe hivyo. Aliyekipanga kitabu aliliweka hapo makusudi, baada ya sauti ya mama, mbele ya masikio ya mwana.

Hili linabadilisha kila kitu. Kijana anayekwenda kuoa anafundishwa kutazama. Anaambiwa: kazi hii unayoiona nyumbani kama hewa, ina mwenyewe. Yupo mtu anayetafuta sufu na kitani, anayeleta chakula kutoka mbali kama merikebu za biashara, anayekagua shamba na kulinunua, anayepanda mizabibu kwa pato lake mwenyewe, anayeuza nguo na mishipi kwa wafanyabiashara. Mume katika shairi hili ana shughuli mbili tu. Anakaa langoni na wazee, yaani barazani, kama tungesema hapa kwetu, na anamsifu mke wake. Mstari wa mwisho kabisa ni amri, nayo inaelekezwa kwa jamii iliyomzunguka: apewe sehemu ya mapato ya mikono yake, na kazi zake zimsifu pale pale langoni. Sisi tumeichukua amri waliyopewa watazamaji, tukamtwisha anayetazamwa.

Naandika haya nikiwa Mkokotoni, na mtu wa Mkokotoni hahitaji kamusi ya Biblia ili amwelewe mwanamke huyo. Nenda ufukweni asubuhi ya siku za giza, wakati mbalamwezi haipo na vyombo vya dagaa vimelala baharini usiku kucha na taa zao. Kabla jua halijapanda utawakuta wanawake wameshakoka kuni, masufuria makubwa ya maji ya chumvi yanachemka. Dagaa wakishushwa, wanawake huwanunua, huwachemsha, huwatandaza juani, huwageuza, huwafukuza kunguru, na mvua ikitishia hukimbia kuwafunika. Kisha huja wanunuzi wa kutoka bara na Kongo, na hapo yanaanza mahesabu ya magunia, usafiri, madeni na bei. Katika kundi hilo wapo Waislamu, ambao ndio wengi, na wapo dada zetu wa kanisani waliokuja kutoka bara. Moshi hauwabagui.

Mama mmoja wa kwetu alilipa ada za watoto wanne kwa dagaa. Tulipochanga mabati, bahasha yake ilikuwa nzito kuliko za wengi wetu wenye mishahara ya serikali. Siku tulipokaa kuamua mabati hayo yanunuliwe wapi na nani asimamie fundi, mwenyekiti alimgeukia mwanawe, kijana wa miaka ishirini ambaye hajawahi kununua hata msumari, akamwuliza, “Familia yenu inasemaje?” Kijana akamtazama mama yake. Mama akatazama chini. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Mwenyekiti ni mtu wa Mungu na anamheshimu sana mama yule. Aliuliza kama alivyozoea kuulizwa, na ndiyo maana jambo hili linahitaji kuandikiwa makala badala ya kulaumiwa mtu.

Tunapenda kusema kwamba mgawanyo wa kazi za wanaume na wanawake ni wa Mungu tangu kuumbwa. Kuzaa na kunyonyesha, sawa. Hayo yamo mwilini na hatubishani. Lakini tazameni kazi nyingine jinsi zinavyohama. Pweza wa miambani alikuwa wa wanawake. Maji yakipwa walishuka na vijiti vyao, wakachokoa mashimo, na wanaume waliiona kazi hiyo ni ya kujipatia mboga tu. Bei ya pweza ilipopanda kwa ajili ya mahoteli na wanunuzi wa nje, wanaume wakaingia na miwani ya kuzamia, na ghafla ikawa ni kazi ya kiume, inayohitaji pumzi na ujasiri. Mwani ulikwenda njia nyingine. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kikaenea hadi huku kwetu kaskazini. Kilo moja ilileta senti chache, kazi ni ya kuinama ndani ya maji ya chumvi saa nyingi, na wanaume wengi waliojaribu waliacha. Ukawa wa wanawake. Leo ukimwuliza mtoto wa Kidoti atakwambia mwani ni kazi ya wanawake, na atasema hivyo kama anavyosema jua huchomoza mashariki, ingawa kazi yenyewe haijafikisha umri wa bibi yake.

Na upishi je? Nyumbani, mwanamume wa Kizanzibari akishika mwiko watu hucheka. Shughuli ya harusi ikija, anayesimama juu ya sufuria la biriani la watu mia tatu ni mwanamume, naye huitwa fundi. Jioni pale Forodhani, mjini, wanaokaanga na kuchoma mbele ya wageni karibu wote ni wanaume, na kofia nyeupe za upishi kichwani. Wakati wa ukoloni aliyefua na kupiga pasi nguo za wenye nacho alikuwa dobi, na aliyepika na kutandika vitanda vya Wazungu alikuwa “boi”, mara nyingi mtu mzima mwenye mke na watoto. Alirudi kwake jioni akasubiri kupikiwa. Kazi ni ile ile, mikono ni ile ile. Kinachobadilika ni kama kuna mshahara mwishoni mwa mwezi na kama kuna anayekuona. Kwa maoni yangu huo ndio mstari unaotenganisha kazi za kike na za kiume kwetu, na sijauona popote katika Mwanzo 1, ambapo wanaume na wanawake wanaumbwa pamoja kwa mfano wa Mungu na kukabidhiwa dunia pamoja.

Katika fasihi yetu wenyewe upo wasia wa mama uliopatwa na mkasa kama wa Mithali 31. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Kiislamu wa upande wa Pate na Siyu katika visiwa vya Lamu, alitunga utendi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Kila aliyesoma Kiswahili shuleni ameusikia. Wengi wetu tunaujua kwa sifa moja: ni utendi wa kumfundisha mwanamke kumtii mume. Hata sisi Wakristo tunautumia. Nimemsikia mzee mmoja wa kanisa akimtaja Mwana Kupona kwenye mafunzo ya ndoa pamoja na Waefeso 5, kana kwamba wote wawili walikuwa wakisema jambo moja. (Mstari wa 21 wa sura hiyo, unaotaka kila mmoja amnyenyekee mwenzake, aliuruka.)

Sifa hiyo ina historia. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huo na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina linalomaanisha “Wasia wa Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke”. Jina likaganda. Lakini usome wote, beti mia na ushei, na utaona wajibu wa mke ni chumba kimoja katika nyumba kubwa. Mama anaanza kwa kumwita binti aje na wino na karatasi. Anamtaka amche Mungu, awe na adabu, ulimi wake uwe wa kweli, asichangamane na wajinga, awahurumie maskini. Anamweleza radhi tano anazopaswa kuzipata: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ndiyo ya mume. Hapo anakaa muda mrefu, ni kweli, na baadhi ya maagizo yake yanamwelemea msomaji wa leo. Nyumba iwe safi, mume apepewe na kukandwa, akilala asiamshwe, mke asitoke bila ruhusa. Siku ya hukumu, anasema, mume ataulizwa mke wake apelekwe wapi. Kisha anatoka katika chumba hicho, anasimulia ndoa yake mwenyewe iliyokuwa ya furaha, na sehemu ndefu iliyobaki ni dua: kwa watoto wake, kwa ndugu, kwa jamaa, kwa Waislamu wote, na kwa nafsi yake mgonjwa.

Ugonjwa huo ndio ufunguo. Mwana Kupona hakuwa ameketi salama akitunga sheria za ndoa za Waswahili. Alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar, alikuwa amekwisha kufa, mji wake bado ukitishwa na ufalme uliokaa huku kwetu Unguja. Mama anajiona anakwenda, na anamwacha msichana asiye na baba, katika mji usio na amani. Msichana huyo atategemea nini? Radhi ya mume. Mama anamfundisha jinsi ya kuishi ndani ya nyumba ambayo hataijenga yeye. Mtu akimwonyesha mwanawe njia ya kuvuka mto uliofurika, kanyaga hapa, usikanyage pale, hamaanishi kwamba Mungu aliumba mto huo ufurike.

Tena, ndani ya maagizo hayo kuna kitu kinachotabasamu. Mume anayeelezwa hapo ni wa kutunzwa kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Analishwa, anapepewa, analazwa. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliandika makala akituomba tuusome utendi huu upya, tuone nguvu ya mwanamke anayesema humo, na tangu hapo wasomi wamebishana kama Mwana Kupona alikuwa anakejeli. Mimi sidhani alikejeli. Mtu anayeomba dua akiwa karibu na kaburi hana nafasi ya kejeli nyingi. Lakini alijua vizuri nani nyumbani ana akili ya kuendesha mambo, na alitaka binti yake ajue pia. Na lile la wino na karatasi tusilipite haraka. Wasia huu wa utii unafunguliwa kwa chombo cha kuandikia. Tunalitaja lile la kupepea kila mwaka, la wino hatulitaji.

Kwa nini nilete utendi wa Kiislamu katika kitabu cha kanisa? Kwa sababu lugha tunayosalia ni hiyo hiyo. Kwa sababu jirani yangu wa ukuta mmoja aliulelewa. Na kwa sababu tunapoutumia vibaya utendi wa jirani tunafanya kosa lile lile tunalofanya na Maandiko yetu: tunachukua neno lililosemwa kwa mtu fulani, siku fulani, katika hofu fulani, tunaliondolea uso na tarehe, tunaligeuza kuwa umbile.

Shaaban Robert alilijua jambo hili kwa upande mwingine, upande wa baba. Katika maandishi yake ya maisha yake mwenyewe zimo tenzi mbili za wasia: Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Baba mmoja, mapenzi mamoja, na bado aliona anahitaji kuandika mara mbili. Mtu anaweza kuzisoma sambamba jioni moja na kujiuliza ni maonyo yapi angeweza kuyahamisha kutoka huku kwenda kule bila baba kukasirika. Mimi naona ni mengi. Lakini mtu huyo huyo aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, na hapo msimamo wake unapanuka. Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa kisiwa chetu, katika nyumba ya wafinyanzi. Alitembeza vyungu, akahamia mjini, akaimba mbele ya watu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Kwa kipimo cha wasia wowote wa binti wa zama zile, alikosea karibu kila kitu. Shaaban Robert alimwandikia wasifu wa heshima. Sioni kwamba alijipinga. Naona mwandishi ambaye alipoandika kanuni aliandika kama jamii yake ilivyomfundisha, na alipomtazama mtu mmoja aliye hai, akaona.

Huenda baadhi ya wasomaji wamekwisha kununa. Neno “jinsia” lina harufu ya semina, ya posho na chati za ukutani, na wengi wanaamini limeletwa na wafadhili ili kuvunja nyumba zetu. Naelewa. Lakini Mwana Kupona hakuhudhuria semina yoyote. Lugha yetu yenyewe imebeba mjadala huu muda mrefu kuliko mfadhili yeyote. Kiswahili hakimtenganishi mwanamume na mwanamke katika “yeye”. Ukisikia “amekuja”, hujui aliyekuja ni nani mpaka umwone. Ni neema kubwa, na watafsiri wa Biblia hawakuhitaji kuhangaika nayo. Pamoja na hayo, mkono wetu wa kulia tuliuita mkono wa kuume, na wa kushoto wazee waliuita mkono wa kuke. Kila tunapokiri kwamba Kristo ameketi mkono wa kuume wa Baba tunalitamka neno hilo, na maana yake ya zamani imelala humo ndani: upande wenye nguvu ulipewa jina la mume. Hakuna aliyezaliwa na mkono mwanamume. Watu waliuita hivyo, na wakafundishwa kuuona hivyo.

Kanisa nalo lilifundisha. Hili tunapaswa kulisema wenyewe kabla hatujasemewa. Wamisionari wa UMCA walifika Unguja mwaka 1864, na baada ya muda kazi yao kubwa ikawa kuwalea watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wavulana walisomea Kiungani ili wawe walimu na makasisi. Wasichana walisomea Mbweni, katika shule ya Mtakatifu Maria, ambayo Caroline Thackeray aliiongoza tangu mwaka 1877 hadi 1902. Thackeray alifanya kazi kubwa na kaburi lake lipo pale Mbweni kwenye kanisa alilolipenda. Wasichana wake walisoma, na baadhi wakawa walimu. Lakini lengo lililotajwa zaidi lilikuwa kuwapatia walimu wa Kiungani wake Wakristo, na wale walioonekana hawana kichwa cha vitabu walipelekwa kwenye kazi za mikono: kufua, kupika, kushona.

Fikiria wasichana hao walitoka wapi. Mtumwa mwanamke alipalilia karafuu, akabeba mawe na boriti kichwani, na hakuna bwana aliyesema mwili wake ni dhaifu. Udhaifu wa kike, na heshima ya kukaa ndani, vilikuwa vya mabibi. Ndiyo maana utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa walizikimbilia kanga za rangi, na baadaye buibui. Kwa mwingine vazi hilo lilikuwa kifungo. Kwao lilikuwa tangazo kwamba sasa na mimi ni mwanamke wa watu, na mwili wangu nausitiri mwenyewe. Mwalimu wa Mbweni alikuja na picha yake ya mwanamke kutoka Uingereza ya Malkia Victoria, jirani wa Mji Mkongwe alikuwa na yake, bwana wa shamba alikuwa na yake ya tatu. Msichana mmoja angeweza kupitia zote tatu kabla hajafika miaka ishirini. Ipi katika hizo ndiyo tuliyoirithi na kuiita maumbile?

Siku hizi tunayo kicheni pati. Imetoka bara, imevuka na boti, na sasa hata sisi wachache wa Mkokotoni tunachangishana sare. Sina ugomvi na ngoma wala vyombo. Wazee wa pwani walikuwa na unyago wao na somo wao, na marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendesha unyago mpaka uzeeni akiwa na ngoma yake mbele yake, mwanamke ambaye yeye mwenyewe hakufanana na mafundisho ya mtu yeyote. Watu wa pwani walijua kwamba mwanamke hufundwa. Laiti uanamke wote ungekuja na kuzaliwa, somo angelipwa kwa kazi gani? Ninachokihoji katika kicheni pati ni mahudhurio. Bibi harusi anakalishwa kitini, na shangazi, mama wa ubatizo na mke wa mchungaji wanampa wasia usiku kucha: vumilia, nyamaza, mpokee kwa maji ya moto hata akichelewa. Bwana harusi wakati huo yuko wapi? Yuko kwenye kamati ya harusi, anahesabu michango. Lemueli hayupo darasani. Somo lake amepewa mtu mwingine.

Na hasara si ya wanawake peke yao. Mvulana wetu anaambiwa tangu ana miaka mitatu asilie kama mwanamke. Akipenda kusuka ukili au kukaa jikoni na bibi yake ataitwa majina ambayo siwezi kuyaandika katika kitabu hiki, na wengine wa kwanza kumwita hivyo ni watoto wa shule ya Jumapili. Dada yake akiwa na sauti na misuli ataitwa jikedume. Watoto hao hutafuta kujua wao ni nani, na tunachowapa ni kicheko. Kisha mvulana anakua, nyavu zinapungua samaki, mke wake anapata fedha ya mwani au dagaa kuliko yeye, na hajui tena yeye ni mwanamume kwa lipi, kwa kuwa tulimfundisha kwamba uanaume ni kuleta fedha na kutolia. Mchungaji yeyote wa pwani hii amewahi kuitwa usiku katika nyumba ya namna hiyo. Bwana wetu alimlilia Lazaro mbele ya watu wote. Injili ya Yohana imelisema hilo kwa maneno machache sana, labda kwa sababu halikuhitaji maelezo.

Yohana huyo huyo ana sura ya 21, ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa kwenye Siku ya Wanawake wala kwenye mafunzo ya ndoa. Wavuvi wamekesha bila kupata kitu. Alfajiri mtu amesimama ufukweni. Wanaposhuka wanakuta moto wa makaa umeshawashwa, samaki juu yake, na mkate. Aliyefufuka katika wafu, ambaye kila goti litapigwa mbele yake, amekoka moto na anawapikia wanaume wazima, kisha anawaita waje wale. Hakuna mwanafunzi aliyemwuliza mbona anafanya kazi hiyo. Nadhani ukiwa na njaa na nguo zimelowa maji ya bahari swali hilo halikujii. Sisi tunaoishi juu ya ufuko kama ule, tunaouona moto wa namna ile kila siku za giza na tunajua ni mikono ya nani inayoukoka, tulikuwa na haki ya kuwa wa kwanza kuielewa sura hiyo.

Basi nina ombi moja kwa wanaopanga mafunzo ya ndoa mwaka huu. Bwana harusi apewe Mithali 31 aisome mbele ya wote, kuanzia mstari wa 1, mama yake akiwa ameketi karibu. Akifika mstari wa mwisho aulizwe, kwa upole lakini aulizwe, atampa mke wake sehemu gani ya mapato ya mikono yake, na siku tutakapojadili mabati, ataketi wapi na atasema nini mke wake akinyoosha mkono.